Sikio la Mgeni

Sifa njema zote ni zake Mola aliyemfinyanga mwanadamu kwa udongo, akawaumba majini kwa ulimi wa moto usio na moshi, kisha akatundika pazia baina ya hawa na wale. Pazia hilo hatukulishona sisi, wala si letu kulitoboa. Hii ni habari ya nyumba moja katika mtelemko wa Naguru, ambamo pazia lilitobolewa kwa bakuli la maziwa. Mwenye kusikiliza na asikilize kwa masikio yake yote mawili, maana katika nyumba hiyo kila mwanamke alibakiwa na moja tu.

Jambo lilianza dogo. Alasiri moja Rahmah, mwalimu wa watoto wadogo katika shule moja ya Ntinda, alikuwa ameketi barazani kwa mama yake akichambua dodo, mboga ya majani, kwa chakula cha jioni. Mama yake, Bi Nusura, alikuwa pale pale mkekani, magoti yao yakigusana. Mara Rahmah akainua kichwa, akageukia mlango wa chumba cha ndani, akaitika kwa adabu:

"Naam, mama."

Bi Nusura akamtazama. "Sijakuita."

"Si wewe umeniita? Umeniita mara mbili."

"Mimi niko mbele yako, mwanangu, na mdomo wangu umejaa karanga."

Wakacheka. Rahmah akasema labda nyumba imekwisha kujifunza sauti ya mwenyewe, kwa jinsi mwenyewe anavyopenda kuita watu. Lakini Bi Nusura aliona jambo ambalo hakulisema. Binti yake alipogeuka, alitanguliza sikio la kushoto, akaliinamisha kama mtu anayenong'onezwa siri. Bi Nusura akakumbuka kauli ya Haboba, kama Wanubi wamwitavyo bibi: mwito usio na mwenyewe ni kama mali iliyoangushwa njiani, huokotwa na yeyote apitaye. Mtu asiitike mpaka amjue aitaye.

Katika chumba hicho cha ndani palikuwa na kona, na katika kona palikuwa na bakuli la mti, jeusi kwa miaka. Wazee walisema lilikuja kutoka kaskazini ndani ya mizigo ya mke wa askari, zama za vikosi vya kale, na ndani ya bakuli alikuja Mgeni. Hakuna aliyemtaja kwa jina jingine. Kila siku ya Alhamisi jua likizama, mbuzi jike mweupe alikamuliwa na bakuli likajazwa. Maziwa hayo hayakuonyeshwa moto kamwe, kwa kuwa Mgeni ni wa moto, na si heshima kumwandalia mtu chakula kilichokwisha kulambwa na nduguye. Kwa hofu ya kukosea, nyumba ile haikuteleka maziwa ya aina yoyote. Chai yao ilinywewa nyeusi, na majirani walizoea kuja na maziwa yao kwenye kikombe. Alfajiri ya Ijumaa, masazo ya Mgeni yalinywewa kwa pumzi moja na binti mkubwa wa nyumba, uso ameuelekeza ukutani. Na masazo hayo, hata asubuhi ya baridi na mvua, yalikutwa yana uvuguvugu kama yametoka kwenye kiwele dakika ile.

Mgeni naye alilinda. Mwizi hakuvuka kizingiti kile, wala moto haukushika paa lile. Alichotwaa ni sikio. Mwanamke aliyekunywa masazo kwa miaka, sikio lake la kushoto lilififia polepole hata likafa, na watu wa nyumba waliliona kuwa ni cheo, wakaliita sikio la Mgeni. Haboba alikuwa nalo. Bi Nusura alikuwa nalo. Adhana ya msikiti wa jirani aliisikia kwa upande mmoja tu tangu ujana wake. Rahmah alipoolewa na Okwir, sajini wa polisi, mtu wa kabila la Lango kutoka Lira, mpole asiyejua lolote la kona ile, Bi Nusura alimkabidhi binti yake bakuli kama mama wengine wanavyokabidhi bangili; bakuli lenyewe halikuhama konani, bali Rahmah ndiye aliyekuja kunywa kila Ijumaa.

Mwaka ule mbuzi alitupa mimba kabla ya siku zake. Haikupita miezi mingi, na Rahmah naye akapoteza ya kwake. Bi Nusura alilia, akasema moyoni kwamba Mgeni amechukua haki yake, akaongeza maziwa.

Kisha ikaja homa. Ilipanda magharibi na kushuka alfajiri, ikamwacha Rahmah amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani. Mgongo ukamuuma, na kichwa kikawa kinagonga. Akaanza kusikia harufu.

"Mama, nani anaunguza maziwa?"

"Hakuna maziwa motoni, mwanangu. Unajua nyumba hii."

"Yanaungua. Yameshika sufuria. Zima, mama."

Bi Nusura akanusa, asipate kitu. Usiku huo huo akanusa tena, akapata: harufu nyembamba, kali, ya maziwa yaliyoshikana na chuma, na ilikuwa ikitoka kwenye nywele za binti yake.

Rahmah akaanza kupepesuka akitembea. Maneno yakawa yanamkimbia. Akitaka kijiko, ataomba ufunguo. Siku moja, mbele ya watoto wake kule Ntinda, alisimama kuwaimbisha wimbo wanaouimba kila asubuhi, asiukumbuke, akaanguka, mwili ukamkakamaa na povu likamtoka.

Hospitali aliyopelekwa tusiitaje. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke aitwaye Mbambu, mtu wa Kasese, aliyejifunza Kiswahili sokoni karibu na mpaka wa Kongo, akikisema taratibu kama anayepanga mayai. Aliamuru maji ya uti wa mgongo yatolewe na ubongo upigwe picha. Wakubwa wake walipoyaona majibu walisema ni kifua kikuu kilichopanda kichwani, kwa kuwa ndicho kinachoonekana mara nyingi. Mbambu hakuwapinga. Lakini alikaa kitandani kwa mgonjwa, akawauliza jamaa zake maswali mengi, na moja lilikuwa hili:

"Nyumbani mnakunywa maziwa mabichi?"

"Hapana," akasema Bi Nusura.

"Hapana, dokta," akadakia Okwir. "Kwa mama hata ya kupika hakuna. Chai yake ni nyeusi kama buti yangu."

Hawakusema uongo, na hapo ndipo palipo msiba. Kwa Bi Nusura maziwa ni kitu cha chai na cha mtoto mchanga. Kilichokuwa bakulini kilikuwa masazo, na masazo ya Mgeni hayakuwa maziwa, kama vile maji ya udhu yasivyokuwa kinywaji. Swali lilimpita kama gari lipitavyo mtaa wa watu wengine.

Dawa za kifua kikuu zikaanza, na Rahmah akapata nafuu kidogo. Aliomba uji. Alilitaja jina la mumewe bila kukosea. Lakini siku moja, akimkumbuka mtoto aliyempoteza, alilia, na machozi yaliyomshuka yalikuwa mekundu.

Okwir akarudi nyuma hata akagonga stendi ya dripu. "Mama, hiyo machozi ni damu?"

"Nyamaza," Bi Nusura akanong'ona. "Usiseme kwa sauti."

Muuguzi aliwaambia kuwa ni rangi ya dawa, kwamba hata mkojo na jasho vitakuwa hivyo, wasiogope. Bi Nusura aliitikia kwa kichwa, na moyoni alijua la kwake. Binti yake alikuwa hajanywa masazo tangu alazwe. Mgeni alikuwa akidai.

Ijumaa iliyofuata alikuja na chupa ndogo chini ya mtandio wake. Alimwinua Rahmah, akamgeuza ukutani, akamnywesha. Alifanya hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, huku akisoma dua moyoni, asione kwamba mkono mmoja unamwomba Mola na wa pili unamlipa mwingine. Njia nzima kutoka Naguru chupa ile ilibaki na joto mkononi mwake.

Na ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Homa ikapanda, shingo ikakauka kama gogo, jicho moja likapinda. Kisha Rahmah akaacha kuitika watu. Madaktari wa masikio walimpima, wakasema la kushoto limekufa na la kulia limeanza kufuata. Watu waliomwita hawakupata jibu. Lakini alipoachwa peke yake alisikika akisema kwa upole, "Naam. Naam. Naam."

Jioni moja, saa ile wauguzi wanapobadilishana zamu na wodi inakuwa kimya, Bi Nusura aliketi akiuegemeza upande wake wa kushoto kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda. Akasikia kitu. Mwanzoni hakutambua kwamba ni ajabu kusikia, kwa kuwa kusikia ni jambo la kila siku. Alitambua baadaye kidogo, mwili ulipomsisimka kabla ya akili kufika. Sauti ilikuwa ya ulimi unaolamba, taratibu, bila haraka, kama paka anywavyo kibakulini, na ilikuwa ikitoka chini ya kitambaa alichofungwa kichwani binti yake, na sikio lililokuwa likiisikia ni lile ambalo kwa miaka yote ile halijapata kuisikia hata adhana.

Hakupiga kelele. Alishika mkono wa mwanawe, akakuta unawaka.

Asubuhi yake Okwir, aliyekuwa hajalala, alikuwa koridoni na Daktari Mbambu. Huzuni ikimzidi mtu wa aina yake hutafuta mzaha, naye alikuwa akimwambia daktari kwamba nyumbani hakuna anayekula siku hizi isipokuwa mbuzi wa mama mkwe. "Ile mbuzi inakula vizuri kushinda sajini. Na hata haizai. Inatupa tu."

Daktari akasimama. "Inatupa nini?"

"Mimba. Mara mbili sasa."

"Na maziwa yake nani anakunywa?"

"Hakuna mtu. Mama anaweka kwa bakuli ya mgeni wake, ile ya kona. Mimi sijui. Mambo ya Wanubi."

Mbambu alikwenda maabara kwanza. Chupa walizowekea maji ya mgongo ili vijidudu viote zilikuwa zimekaribia kutupwa, kwa kuwa hakuna kilichoota. Akaomba ziachwe, kwani wako vijidudu wavivu wanaoota pale wengine walipokwisha kukata tamaa. Akaagiza kipimo kingine cha maji yale yale. Majibu yalipotoka, alimwita Bi Nusura kwenye chumba kidogo cha dawa, akafunga mlango.

"Mama Rahmah, nimekuuliza zamani swali, na nimeliuliza vibaya. Sasa nauliza tena. Kitu kinachotoka kwa yule mbuzi, kikiisha kuwekwa kwenye bakuli, kinakwenda wapi?"

Bi Nusura aliutazama mlango uliofungwa. Alikuwa amefunzwa tangu utoto kwamba atakayelitaja bakuli mbele ya mgeni wa nje, Mgeni wa ndani atajilipa kwa kilicho karibu na moyo wake. Akisema, anamuua mwanawe. Asiposema, anamwangalia akifa. Kila njia ilikuwa na kaburi mwisho wake, na kaburi lilikuwa la mtu mmoja.

"Ukijua utamponya?" akauliza, sauti haikuvuka meza.

"Nikijua nitajaribu. Nisipojua siwezi hata kujaribu."

"Anakunywa yeye," akasema Bi Nusura. "Masazo. Kila Ijumaa. Hata humu ndani nimemletea."

Daktari alifumba macho kidogo. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Bi Nusura kuliko kugombezwa.

"Ni brusela," akasema. "Ni ugonjwa wa mbuzi na ng'ombe. Mnyama anatupa mimba, na kidudu kinabaki kwenye maziwa yake. Mtu akiyanywa bila kuchemsha anapata homa na jasho na maumivu ya mgongo, na mjamzito naye anaweza kupoteza. Kwa wengi kinaishia hapo. Kwa wachache sana kinapanda kwenye ubongo, na kikipanda kinapenda mshipa wa sikio. Dawa moja ya kifua kikuu inakigusa kidogo, ndiyo maana alipata nafuu. Mimi nilikuwa nazima moto mlangoni, mama, na wewe ulikuwa unaleta makaa dirishani."

"Na sikio langu? Na la Haboba?"

"Sikuwepo. Lakini nitakupima na wewe."

Bi Nusura akatazama viganja vyake. "Dokta, wewe unadhani hakuna mtu kwenye ile kona."

"Mimi ni wa milimani. Kwetu pia kuna wenye milima, na bibi yangu alikuwa akiwapikia. Sikuambii kwamba hayupo. Nakuambia kinachomla mwanao kina jina na kina dawa. Sindano ya mshipani, na vidonge vya namna mbili, miezi mingi bila kukosa hata siku moja. Na lile bakuli lisimkaribie tena. Akinywa tena, mimi sitaweza."

Sindano ya kwanza ilitiwa siku ile ile. Dawa ilipoanza kuingia mshipani, Rahmah, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ametamka sentensi nzima, alifumbua macho, akamtazama mama yake kwa lile jicho lililonyooka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mkongwe, yenye mkwaruzo na pumzi fupi. Bi Nusura aliijua. Ilikuwa ya Haboba, na hakuwa ameisikia tangu walipomkafini mwenyewe.

"Nusura," ikasema. "Bakuli langu."

Okwir, aliyekuwa miguuni pa kitanda, alishika rozari mfukoni. "Nani huyo anaongea?"

"Usimwulize," Bi Nusura akanong'ona. "Okwir, mwanangu, usimwulize chochote."

Shehe Hamim alikuwa imamu aliyewasomesha watoto wa askari kwa umri wake wote, mzee mkavu mwenye ndevu chache na maneno machache. Bi Nusura alimkuta nyumbani kwake akikarabati redio, akamweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa aliona haya kuketi. Mzee alimsikiliza hata mwisho.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Huyu wenu amekaa vizazi, na badala ya jembe mmempa mabinti."

"Alitulinda, Shehe."

"Mchungaji naye huwalinda kondoo, binti yangu. Umewahi kuuliza anawalindia nani?" Akaweka redio chini. "Ulinzi ni wa Mola peke yake, na anayeukodisha kwa mwingine hulipa asichokuwa nacho. Daktari amesema nini juu ya maziwa?"

"Kwamba moto unakiua kidudu."

"Basi amekwisha kutoa fatwa. Nenda kayachemshe."

Bi Nusura akashika mwimo wa mlango. "Mbele yake?"

"Mbele yake. Wewe, kwa mkono wako, kwa kuwa mkono wako ndio uliomimina. Mimi nitakuja nisome, lakini kisomo changu hakikoki moto. Na sikiliza: atakuita. Atakuita kwa sauti utakayoshindwa kuikataa. Usiitike. Ukiitika, umemkaribisha upya, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Ilikuwa adhuhuri, na wingu la mvua lilikuwa limekaa juu ya Naguru hata chumba cha ndani kikawa na giza la jioni. Shehe Hamim alisimama kizingitini, tasbihi mkononi. Bi Nusura aliweka jiko la makaa katikati ya chumba, akaweka sufuria mpya juu yake, akamimina yaliyokuwa bakulini. Akapepea. Makaa yakaiva, yakawa mekundu, yakawa meupe. Maziwa yalitulia kama jicho. Akaweka kidole juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akayakuta baridi, baridi ya jiwe la kisimani, na sufuria ikatoka umande nje kana kwamba chini yake hakuna moto.

"Ongeza makaa," akasema Shehe, na akaendelea kusoma.

Akaongeza makaa, akapepea, jasho likimshuka, na chumba kikawa joto la tanuri huku maziwa yakiwa baridi, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikaanza kutoka, si sufuriani bali ukutani, sakafuni, kwenye foronya za mito, ndani ya nguo zake alizovaa, ikazidi hata akawa anaionja kwenye meno, na nje uani mbuzi aliyekuwa kimya akaanza kulia, akalia kama mbuzi, akalia kama mtoto, kisha akaacha kulia akaanza kuita, na sauti ilikuwa ya Rahmah, Rahmah mwenyewe, ya zamani, kabla ya ugonjwa, ikisema, "Mama. Mama, naungua. Mama, zima moto. Mama, mbona hunijibu, mama," na Bi Nusura akauma ncha ya ukaya wake kwa meno hata fizi zikatoka damu, akapepea kwa mikono miwili, akapepea na kulia na kupepea, na kila "mama" iliyoingia ilimkata pahali, na hakuitika.

Maziwa yakajaa kwa mpigo mmoja. Yakafura, yakapanda ukingoni, yakamwagika juu ya makaa kwa mvuke mweupe uliogonga dari. Chumba kikanyamaza. Hata mvua, iliyokuwa imeanza, ilisikika kana kwamba inanyesha mtaa mwingine. Pembeni bakuli la mti lilikuwa limepasuka kati kwa kati, na ndani ya ufa wake mti ulikuwa umeungua, mweusi na mkavu, kana kwamba moto ulikuwa ukikaa humo.

"Amekwenda?" Bi Nusura akauliza.

"Amefukuzwa," akasema Shehe Hamim. "Kwenda ni jambo lake. Wewe funga mlango."

Simu ikalia. Alikuwa Okwir, na alikuwa akihema.

"Mama, uko wapi? Rahmah alishikwa tena na degedege, mbaya sana. Alikuwa anakuita. Mama, mama, mama, hivyo hivyo, wodi nzima imesikia. Anasema anaungua, anasema mbona humjibu. Sasa ametulia. Amelala. Dokta anasema homa imeshuka."

Bi Nusura aliketi sakafuni penye maziwa yaliyomwagika. Hakujua, na hajajua hata leo, ni sauti ya nani aliyokataa kuitika.

Mganga wa mifugo alimchukua mbuzi mweupe, akasema mnyama wa namna ile hafugwi tena. Okwir alizika vipande vya bakuli mbali na nyumba. Chupa za maabara nazo ziliota kile alichokuwa akikingoja daktari, kwa uvivu wake, na wakubwa waliosema kifua kikuu wakaja kuzitazama. Rahmah alitiwa sindano kwa wiki nyingi, akameza vidonge kwa miezi, na mama yake alikaa mbele yake kila asubuhi mpaka aone vidonge vimeshuka kooni. Bi Nusura mwenyewe alipopimwa alikutwa na alama za ugonjwa wa zamani, akapewa dawa zake. Jicho la Rahmah likanyooka. Maneno yakamrudia, kijiko kikawa kijiko na ufunguo ukawa ufunguo. Sikio la kulia likapona. La kushoto halikurudi. Daktari Mbambu alilipima mara nyingi, kisha akasema kwa huruma kwamba mshipa wake umekufa, na mshipa uliokufa hausikii kitu tena mpaka Kiyama.

"Moja linanitosha, dokta," akasema Rahmah. "Watoto wangu wana kelele za kutosha masikio manne."

Akarudi kuwafundisha. Na Bi Nusura akajifunza uzeeni kuteleka maziwa. Kila asubuhi majirani walisikia harufu ya chai yenye maziwa na tangawizi kutoka nyumba ile, wakatania kwamba Bi Nusura amekuwa binadamu.

Alasiri moja, msimu wa mvua ukiisha, Rahmah alikuja kumtembelea mama yake. Waliketi jikoni, magoti yao yakigusana, wakimenya karanga. Maziwa yalikuwa juu ya moto, yameanza kutoa mvuke. Rahmah alikuwa akisimulia kisa cha mtoto aliyemletea panzi kama zawadi. Katikati ya neno alinyamaza. Akageuza kichwa polepole kuelekea chumba cha ndani, akatanguliza sikio la kushoto, lile lililokufa, akaliinamisha.

"Naam, mama," akaitika.

Bi Nusura hakusogea. Karanga ilibaki baina ya vidole vyake.

Rahmah akamgeukia, tabasamu likimfifia usoni kidogo kidogo. "Mama? Si wewe umeniita?"

Bi Nusura alikuwa ameusikia mwito ule. Aliusikia wazi, mara mbili, kwa sikio lake la kushoto, na sauti iliyoita ilikuwa yake mwenyewe. Akakumbuka kwamba mwito usio na mwenyewe ni mali iliyoangushwa njiani, akafikiri juu ya wote wapitao. Akanyoosha mkono, akaongeza moto chini ya maziwa hata yakaanza kupanda, kisha akakishika kichwa cha mwanawe na kukigeuza kwake, upande ulio hai.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Ni mimi niliyekuita."